Mume Wangu na Mafuta ya Pikipiki

Mume wangu alinichagua mimi kwa siku moja. Aliniona kwenye harusi ya binamu yangu, kesho yake akatuma wajumbe kwa baba, na mambo yakaisha. Lakini mafuta ya pikipiki yake aliyachagua kwa juma zima, na hata akishatoka dukani bado alikuwa na shaka usoni. Nilimsema hivyo mara nyingi mbele ya wageni. Alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Pikipiki yenyewe aliipata mwaka wa uhuru. Alikuwa karani katika kazi za barabara, na mzungu aliyekuwa mkubwa wake alifunga mizigo haraka haraka akaenda zake kwao. Badala ya mshahara alimwachia pikipiki, nyeusi, nzito, yenye tangi refu lililokwanguka pembeni. Mume wangu alikuwa mtoto wa watu wa mto, wa kule chini karibu na Isangi, amekua akipiga kasia. Sisi tulikuwa Waislamu wa mjini, wauza vitambaa wa mtaa wa Kisangani, na mama yangu hakuamini kwamba mtu wa pirogi, mitumbwi ile ya mtoni, angeweza kukaa juu ya magurudumu mawili bila kuanguka. Alianguka mara kadhaa, lakini siyo mbele ya mama.

Duka alilolipenda lilikuwa la Mgiriki mmoja, kwenye barabara ya maduka. Nilikwenda naye mwanzoni mwa ndoa yetu nikidhani tutanunua na kutoka, nikaishia kuketi juu ya gunia la chumvi hadi miguu ikafa ganzi. Aliomba tone la mafuta kwenye kidole. Alilisugua kwa kidole gumba, akalinusa, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kisha yakaanza mabishano. Namba hamsini ni nzito, inafaa joto la hapa kwetu, lakini asubuhi ya mvua inachelewa kuzunguka. Namba arobaini inazunguka upesi, lakini jua la saa saba litaifanya maji. Mgiriki akamwonyesha mafuta ya malori, yaliyokuwa rahisi kupatikana. Mume wangu akayatazama kama mtu aliyewekewa mboga ya jana.

"Papa, mafuta ni mafuta," nilimwambia. "Unachagua sana."

"Mama, mawese ya kupika iko namna moja?"

Hapo alinishinda. Mimi mwenyewe nilizunguka soko zima kutafuta mawese yasiyokwaruza koo, na yeye alikuwa amenibebea chupa.

Filta ilikuwa na hadithi yake. Ndani ya tangi dogo la mafuta, chini ya kiti, kulikuwa na kikapu cha waya, na juu ya waya kimevishwa kitambaa kinene cha sufu iliyoshindiliwa, aina ile wanayotengenezea kofia. Mafuta yalipita humo, uchafu ukabaki. Alipouziwa kipya alikishika kwenye mwanga, akakivuta kidogo pembeni, akatafuta mahali pembamba. Akipaona, alikirudisha. Mgiriki alikuwa akivuta pumzi ndefu kila alipomwona akiingia, lakini nadhani alimpenda, maana alimwekea vile vizuri chini ya meza.

Kumwaga mafuta ilikuwa kazi ya Jumamosi. Kwanza alizunguka mtaa na pikipiki ili injini ipate moto, kwa sababu mafuta yakiwa ya moto hutoka na uchafu wote, yakiwa baridi uchafu unabaki chini. Hilo alilishika kama dini. Kisha alifungua kizibo cha chini, mafuta meusi yakatiririka kwenye beseni langu bovu, naye akachuchumaa kuyatazama. Akimaliza kuvisha filta na kujaza mapya, aliwasha injini, akafungua kifuniko cha tangi lile dogo na kuchungulia. Alisubiri hadi aone mafuta yakirudi kutoka kwenye injini, yakichuruzika ndani. Hapo tu ndipo uso wake ulipolegea. Mafuta machafu tuliyapaka nguzo za nyumba, na mchwa wakatukimbia.

Jumapili, akitoka kanisani, alinipakia nyuma nikiwa nimekaa upande, kitambaa kimefungwa kichwani, mkono mmoja tumboni kwake. Tulikwenda hadi Simi-Simi, kwenye uwanja wa ndege, kutazama ndege zikitua. Hatukuwa na cha kufanya huko, tulinunua karanga tukasimama kwenye ua wa uwanja. Shati lake lilinukia sabuni, na chini ya sabuni yale mafuta. Wajukuu wangu wakija hapa leo na pikipiki zao, harufu ile hunipata ghafla, na ninaacha ninachokifanya. Namkumbuka sana mtu yule.

Ukaja uasi wa mwaka wa sitini na nne, na waasi wakauteka mji. Waliokuwa nje ya mji watasema wanavyosema, mimi nitasema nilichokiona kutoka mlangoni mwangu. Mtu aliyevaa tai alikuwa adui. Mtu aliyefanya kazi ya ofisi alikuwa adui, na mwenye chombo cha kutembelea alikuwa adui mara mbili, kwa sababu alitakiwa kukitoa na kueleza alikipata wapi. Mgiriki alifunga duka, sikumwona tena. Mume wangu aliacha kwenda kazini, akachana karatasi zake za ukarani, na pikipiki akaisukuma hadi kwenye jiko la nyuma, akaifunika kwa kuni na magunia. Binti yetu wa kwanza alikuwa anaanza kutambaa.

Nilimwambia wazi. Pikipiki hii itakuua. Isukume usiku ukaitupe mtoni, ungali hai.

Alikuwa na mpango wake. Alitaka tuvuke hadi Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa pirogi, pikipiki imelazwa ndani, halafu tufuate njia ya msituni hadi kwa watu wake. Njia ilikuwa ndefu na mbovu. Pikipiki ilikuwa imekaa miezi na mafuta machafu, na filta ilikuwa imechanika. "Ikikufa katikati ya pori na mutoto mugongoni, tutafanya nini?" aliniuliza. Kwa hiyo, kabla ya safari, lazima mafuta yamwagwe. Niliona mantiki yake, na niliona pia kwamba alikuwa na furaha ya kupata kisingizio.

Filta mpya haikuwepo popote. Mimi nilijitia ujuzi, nikakata kitambaa kile kigumu tulichochujia mawese nyumbani, nikakishona vizuri kwa mkono. Alikivuta, nyuzi zikabaki vidoleni mwake. Akanirudishia kwa heshima nyingi, na nilitamani kumpiga nacho. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kofia yake. Ilikuwa kofia ya sufu ya kijivu aliyoinunua kwa sherehe za uhuru, aliyoivaa siku alipokuja kwa baba kujionyesha. Siku zile za uasi hakuthubutu kuivaa hata uani. Aliikata kwa mkasi wangu, akafuata kipimo cha filta ya zamani, polepole, ulimi umetoka pembeni. Nililia. Yeye alisema sufu ile ni nzuri kuliko ya dukani.

Mafuta yalikuwa ya aina mbili. Kulikuwa na bati moja la Mgiriki, namba hamsini, halijafunguliwa, tulilolificha chini ya nguo za mtoto. Na kulikuwa na dumu alilouziwa na mtu mmoja ufukweni, akiambiwa ni mapya. Mume wangu alilinusa nyumbani akakunja uso: yalikuwa machafu ya malori, yamechemshwa na kuchujwa, na ukiyasugua ulisikia mchanga. Tuliliweka kwa ajili ya nguzo. Aliniambia kwamba injini ikinyweshwa hayo itatembea kidogo, kisha itakwama ghafla na kufa.

Siku ile ilikuwa mchana, jua kali, mtaa kimya. Alitoa kuni, akaisafisha pikipiki, akaiweka sawa. Kisha nikamwona ameweka mguu kwenye kiki.

"Papa, usiiwashe. Mwaga hivi hivi."

"Ikiwa baridi, uchafu haitoke."

"Watasikia motere!"

"Kidogo tu, Mama."

Ndiyo, kidogo tu. Mtu aliyeogopa hata kukohoa barabarani, lakini mafuta hakuweza kuyamwaga baridi. Injini ilinguruma jikoni mwangu, masufuria yakatetemeka, mtoto akapiga makofi. Alizima, akafungua kizibo, mafuta yakaanza kushuka kwenye beseni. Yalikuwa hayajaisha kudondoka walipoingia uani.

Walikuwa vijana watatu wenye bunduki mbili. Mkubwa wao alikuwa na sauti ya kukwaruza, na macho yaliyokuwa hayajalala.

"Iko ya nani hii pikipiki?"

"Iko yangu," mume wangu alisema.

"Ulikuwa nayificha mapinduzi. Bon. Leo iko ya mapinduzi. Ilete."

"Haina na mafuta, chef. Nimetoa yote. Ukitembea nayo hivi, itakufa mbele ya kufika Simi-Simi."

"Unatudanganya."

Mume wangu alinyoosha kidole kwenye beseni. Mkubwa akachovya kidole chake, akakitazama, akakipangusa kwenye ukuta wangu. "Alors, tia ingine. Na sikia muzuri. Ikikufa njiani, tutarudi hapa, na tutakutafuta wewe."

Aliposema hivyo nilishika mlango. Mume wangu aliingia chumbani, mmoja wa vijana akasimama kwenye kizingiti, mgongo kwetu. Mimi nilimfuata nikiwa na mtoto kiunoni. Nilimkuta amesimama katikati, bati amelitoa chini ya nguo, na dumu liko miguuni pake. Alikuwa akitazama dumu.

Nilimjua mtu wangu. Alikuwa mpole kwa kila kitu, lakini kwa ile pikipiki alikuwa na wivu. Hakuwahi kumwazima hata kaka yake. Niliona taya zake zimekaza, na nikaelewa kila kitu kilichokuwa kikipita kichwani mwake: wasiipate, ikafie njiani, iwe chuma tu. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye mshikio wa dumu. Sikuweza kumwambia kitu, kwa sababu kijana wa mlangoni alikuwa anajua Kiswahili kama sisi.

"Papa," nilisema, kwa sauti ya kawaida ya mke anayesumbuliwa na mumewe. "Leo chagua muzuri."

Alinitazama. Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa anataka kumrukia. Akaachia dumu.

Alilitoboa bati mbele yao. Alifunga kizibo, akavisha ile sufu ya kofia kwenye kikapu cha waya, akaimwagia petroli kidogo kuisafisha, akairudisha mahali pake. Mkubwa alianza kufoka kwamba tunapoteza wakati. Mume wangu hakuharakisha. Alimimina mafuta polepole, ya dhahabu, safi, yale aliyokuwa amenikatalia hata kuyagusa. Akapiga kiki. Akafungua kifuniko na kuinama.

"Tuende!" mkubwa alisema.

"Ngoja, chef. Bado hairudi."

"Nini hairudi?"

"Mafuta. Kama hairudi, hautaenda mbali."

Tulisubiri sote, wao na bunduki zao, mimi na mtoto, kana kwamba tunasubiri mtu kutoka safarini. Sufu mpya inachelewa kulowa. Nilimwomba Mungu wangu na wake pamoja. Kisha uso wa mume wangu ukalegea, kama siku zote za Jumamosi, na akamwita yule mkubwa aje kuona. Kijana yule aliinama, na kwa muda mfupi alikuwa mtoto tu anayeonyeshwa kitu kizuri na baba yake.

"Uko fundi," alisema. "Unatakiwa uende na sisi."

Mume wangu alipiga piga mkia mfupi wa kiti, pale nilipozoea kukaa mimi. "Iko na nafasi ya watu wawili, chef. Na ninyi muko watatu tayari."

Mkubwa aliwaza, akatema mate chini, akapanda. Mmoja alikaa nyuma, wa tatu akatoka mbio nyuma yao akipiga kelele asiachwe. Pikipiki ilishika barabara bila kukohoa hata mara moja. Mume wangu alibaki amesimama uani na faneli mkononi, kichwa ameinamisha upande, akiisikiliza hadi mwisho wa mtaa, na baada ya hapo bado akisikiliza. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Inapiga muzuri," alisema.

Hatukuvuka kwenda Lubunga. Tulikaa ndani, na siku zile zikawa ndefu. Kila injini iliyopita barabarani tuliisikiliza hadi ipotee. Yeye, aliyekuwa akitambua pikipiki yake katikati ya malori ya soko, sasa aliniuliza mimi: "Iko yenyewe?" Nami nilimwambia hapana, lala. Nilikuwa sijui, nilisema tu. Usiku alilala upande wa mlango, na mimi nilishika shati lake kwa nyuma, kana kwamba hilo lingewazuia.

Hawakurudi. Wiki ikapita, mwezi ukapita, askari wakabadilika, watu wakaanza kutoka nje wakihesabu waliobaki mtaani kwetu. Makarani wenzake wengi hawakuwepo. Sijui pikipiki ile ilifia wapi, wala nani aliipanda mwisho. Ninachojua ni kwamba haikufia njiani, na mume wangu alizeeka hapa nyumbani, mzee mchaguzi, akilalamikia chumvi ya mboga yangu hadi mwaka aliokufa.