Dozi ya Tanga kwa Mchana wa Toronto

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Ilikuwa Ramadhani ya kiangazi, elfu mbili na kumi na kitu, nami naishi mtaa wa St. James Town, hapa Toronto. Nilishatimiza arobaini, lakini ubishi wa ujana ulikuwa haujanitoka.

Tanga nilikuwa nesi wa kliniki ya kisukari, miaka tisa nafundisha wagonjwa. Huku nikaambiwa: kwanza pata leseni ya unesi, kisha ufundishe chini ya uangalizi, ndipo ufanye mtihani wa ualimu wa kisukari. Wallahi nilikasirika! Nirudi darasani na mvi hizi? Fomu nikazitupa juu ya kabati, nikaendelea kuogesha wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia. Majirani wakaniita nesi, na mimi nikaitika.

Jirani yangu Bi Salma alikuwa akijidunga insulini. Akanijia: "Nesi mwanangu, kule kliniki naona haya kuuliza mambo ya kufunga, na Kiingereza chenyewe sina. Sindano hizi nifanyeje?"

"Ya daku ipunguze iwe nusu, ya futari jidunge kamili," nikamwambia. "Tanga nimewafungisha wengi, hakuna aliyedhurika."

Ee, ujuaji huo! Tanga jua huzama saa kumi na mbili na ushei. Toronto kiangazi ni saa tatu usiku. Nilikuwa nafunga mwenyewe, njaa naisikia, na bado sikufikiri kwamba kwa mchana mrefu hivi hata nusu ile ni nyingi.

Siku ya nne binti yake, Rukia, alirudi kutoka kazini jioni akamkuta mama yake kalala chini jikoni, jasho limemlowesha, hasemi. Sukari ilikuwa imeshuka tangu mchana. Hospitali walimzindua, ila akili haikurudi yote. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono, "Ahsante, nesi." Kisha akamtazama Rukia, akauliza, "Na huyu nani?"

Rukia hakunitukana. Alisema tu, "Anti, hukuhesabu saa?" Bora angenizaba kofi.

Fomu zile sikuzimaliza kamwe. Nilikuwa nikifika pale wanapouliza kama umewahi kumdhuru mgonjwa, naweka kalamu chini. Bi Salma alifariki baada ya miaka miwili, bila kumtambua mwanawe. Majuto ni mjukuu, wanasema. Haya yangu yamezeeka pamoja nami, na sitarajii yaishe.

Sasa wewe umefika juzi na vyeti vyako vya unesi, nakusikia ukilalamika kwamba wanakudharau. Pengine wanakudharau kweli, sikubishii. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jaza fomu, keti darasani, ujifunze mchana wa hapa na watu wake. Na kabla hujapata leseni, mgonjwa akikuuliza dozi mwambie, "Sina ruhusa," kisha umshike mkono umpeleke kliniki, umsemee yale anayoyaonea haya. Mungu akujaalie unyenyekevu nilioukosa, wala asikuonjeshe shukrani ya mtu uliyemuumiza.