Fundi wa mashine za kusaga na taa nyekundu ya Jiwe Jeusi

Ukungu wa Uluguru unashuka asubuhi bila kubisha hodi. Ignas Kapama anautazama unavyomeza migomba, kisha korongo, kisha gurudumu lake la mbele. Anapunguza gia. Pikipiki yake ya Kijerumani, iliyozeeka hadi tanki likabambuka rangi, inateremka kutoka Mgeta ikikohoa.

Anapoikaribia kona ya Jiwe Jeusi anaacha kutazama barabara. Anatazama dashibodi.

Taa nyekundu inawaka.

Inaanza kama kaa lililopulizwa, inafifia, kisha inakaza. Ignas anaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyesalimiwa na jirani.

"Nimekuona, Paska," anasema.

Akishaimaliza kona, taa inazimika yenyewe, na barabara inarudi kuwa barabara.

Hiyo ni wiki moja kabla ya ukaguzi wa vyombo vya moto mjini Morogoro. Ignas, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, anajua kwamba taa hiyo ikiwaka mbele ya trafiki, hana kazi tena. Anajua pia kwamba ikizimwa, hana kingine.

Kazi yake ni kutengeneza mashine za kusaga nafaka. Tangu soko huria liingie, kila mwenye vijisenti amenunua mashine yake, na vijiji vya mlimani vimejaa mlio wa mashine. Mafundi ndio hakuna. Beringi ikilia au mkanda ukikatika, watu wanamtumia salamu Mwembesongo, mjini, anakoishi, naye anapanda na boksi lake la spana. Wapo wanaomlipa fedha. Wengi humlipa maharage.

Zamani alikuwa fundi wa kiwanda. Shule aliishia darasa la nne, lakini mashine ikilia alikuwa anajua inauma wapi.

"Wakubwa wakakiuza kiwanda," anasema. "Walituambia tufunge mikanda, uchumi unafunguliwa. Sisi tukafunga. Aliyenunua akang'oa mashine, akageuza ghala la mitumba. Pikipiki mbovu zikapigwa mnada. Wao wakapata kiwanda, mimi nikapata hii."

Akiwataja wakubwa huwa hainui sauti. Anawasema kama mtu anavyosema ugonjwa aliouzoea.

Mkewe, Paskalia, alikuwa Mluguru wa Mgeta. Masika ya mwaka juzi aliumwa homa kali huko kwao. Zahanati ya kijiji haikuwa na dawa wala maji ya kumtundikia. Mhudumu alisema kila kitu siku hizi ni kuchangia, na hata ukichangia, dawa yenyewe iko mjini. Lori la mboga lilikuwa limekwama kwenye tope, kwa sababu barabara hiyo hutengenezwa kwenye hotuba tu.

Ignas alimpakia mkewe nyuma ya pikipiki, akamfunga mgongoni kwake kwa khanga mbili, akateremka naye kwenye ukungu.

"Alikuwa anaongea," anasimulia. "Anauliza tumefika wapi. Pale Jiwe Jeusi akaniambia sikioni, 'Breki, Ignas.' Basi. Baada ya hapo sikumsikia. Nilidhani amelala, nikafurahi amepata usingizi."

Aliingia naye hospitali akiwa bado amefungwa mgongoni. Muuguzi ndiye aliyefungua fundo la khanga, na uso wake ndio uliomwambia Ignas habari.

Paskalia alizikwa kwao Mgeta. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa mama, na nyumba ambayo Ignas aliijenga kwa mikono yake ilikuwa juu ya ardhi hiyo. Baada ya matanga, Pazi, mjomba wa marehemu, alimkalisha chini akamwambia kwa upole kwamba nyumba inarudi ukooni.

"Hawakunifukuza," Ignas anasema. "Ni mila yao, niliijua tangu naoa. Nikaondoka na pikipiki. Hata sufuria sikuchukua."

Siku hiyohiyo, akiteremka, taa iliwaka Jiwe Jeusi kwa mara ya kwanza.

Gereji anayoiamini ipo Mwembesongo, chini ya bati moja lililotoboka. Fundi wake ni Hafidhi, Mluguru mnene wa maneno mengi. Ignas ni Mnyamwezi, kwa hiyo hao wawili ni watani, na mtani hachagui neno. Siku ya mazishi ya Paskalia, Hafidhi alijilaza ndani ya kaburi akagoma kutoka mpaka Mnyamwezi atoe kuku. Waombolezaji walicheka huku wakilia. Ignas anasema bila kicheko kile asingeweza kurudi nyumbani kwa miguu yake.

"Umeniletea pikipiki au jeneza?" Hafidhi alimuuliza siku alipoipeleka, bila kuinua kichwa.

"Pikipiki. Jeneza lako bado linachongwa Tabora. Wamekosa mbao za kukutosha."

"Ina nini?"

"Taa ya breki."

"Haiwaki?"

"Inawaka."

"Sasa ugonjwa uko wapi?"

Jibu hilo la "inawaka" lilishawahi kumponya. Mwaka jana kwenye ukaguzi, sajenti alimuuliza kama taa ya breki inawaka. Ignas akajibu, "Inawaka, afande, hasa Jiwe Jeusi," akapewa stika akaenda zake. Kwa maneno yetu taa ya breki ni moja. Kwenye pikipiki ile ziko mbili: ya nyuma, inayomwambia mwenzako kwamba unasimama, na hii nyekundu ya mbele, inayokwambia wewe kwamba huenda usisimame.

Mwaka huu trafiki walitangaza kwamba watatazama zote mbili, na Ignas hakuwa na hakika kama ile ya mbele ingesubiri Jiwe Jeusi. Pikipiki itakayokutwa taa nyekundu ikiwaka inang'olewa namba. "Barabara kutengeneza hawawezi," Ignas anasema, "ila namba kung'oa wanaweza."

Hafidhi alipoelewa ni taa ipi, alicheka. "Nang'oa balbu sasa hivi. Siku ya ukaguzi una stika."

"Balbu usiiguse."

"Basi niiache hivyohivyo, wakung'oe namba."

"Hapo pia hujanisaidia."

Hafidhi akaweka spana chini. "Mtani, unataka ipite au unataka iwake?"

Ignas akaiokota spana, akamrudishia.

Hafidhi akaanza kazi. Kwanza alidhani kuna waya umechubuka unapiga shoti, akaufuata kutoka dashibodi hadi chini ya tanki. Ulikuwa mzima. Akainua tanki. Hapo chini, mahali ambapo mwenye pikipiki haoni, kimejificha kikopo cha mafuta ya breki, na ndani yake kuna kiboya. Mafuta yakipungua kiboya hushuka, na taa huwaka.

Akarudisha tanki, akawasha ufunguo. Taa kimya. Kisha akamwambia Ignas washike pamoja, wakainua gurudumu la nyuma na kulipachika juu ya tofali, pikipiki ikainama kama inateremka mlima.

Taa ikawaka, mchana kweupe, na redio ya jirani ikiimba. Ignas aliachia mikono, akarudi nyuma mpaka akagusa ukuta.

"Mteremko huo," Hafidhi alisema. "Mafuta ni kidogo. Ikiinama yanakimbilia mbele, kiboya kinabaki pakavu. Hakuna jini hapa."

"Chini ya Jiwe Jeusi kuna miteremko miwili mikali kuliko ule."

"Huko nako inawaka?"

"Haiwaki."

Hafidhi akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. "Ngoja nifungue diski ya breki," akasema.

Alichokikuta kilimtoa utani wote. Pedi za breki zilikuwa zimeisha, chuma kinasugua chuma. Mpira wa mafuta ya breki ulikuwa umelowa kwenye maungio, unavuja polepole, kwa muda gani hakuna ajuaye. Akamshika Ignas mkono, akakiweka kidole chake kwenye unyevu ule.

"Siku yoyote kuanzia sasa ungeshika breki ukashika hewa," alimwambia. "Dada yetu anakupigia kelele miaka miwili, breki, breki, wewe unamwitikia salamu. Wanyamwezi mna nini lakini?"

Ignas aliketi juu ya tairi bovu. Alikaa hapo mpaka kivuli cha bati kikamhama. Kisha akasema, "Tengeneza."

Pedi za pikipiki ile haziuzwi Morogoro. Hafidhi alichukua pedi za gari dogo, akazikata kwa msumeno, akazisugua kwa tupa mpaka zikakubali kuingia. Akabadilisha mpira, akajaza mafuta, akatoa upepo ulioingia kwenye breki. Walipoiinamisha tena juu ya tofali, taa ilibaki nyeusi. Ignas aliomba warudie. Ikabaki nyeusi.

Siku ya ukaguzi sajenti alikuwa yuleyule. Akawasha ufunguo, akakanyaga breki, akazunguka nyuma na kurudi mbele.

"Taa ya breki?"

"Ya nyuma inawaka, afande. Ya mbele imelala."

Akabandikiwa stika. Wenzake kwenye foleni walimpongeza, naye aliwaitikia kama mtu anayepewa pole.

Siku chache baadaye aliitwa Mgeta, beringi imelia. Alimaliza kazi, akalala hukohuko, asubuhi akaanza kuteremka. Ukungu ulikuwa mzito kuliko kawaida. Alipofika Jiwe Jeusi alitazama dashibodi.

Hakuna kitu.

Alishika breki. Ilishika vizuri, mpaka akasimama kabisa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya pale. Akazima injini. Kulisikika maji tu, chini kwenye korongo.

"Nikaita, Paska. Kimya," anasimulia. "Nikaona nimemfukuza mwenyewe, kwa mikono yangu. Wakubwa walimnyima dawa, mimi nimemnyima hata taa."

Ndipo alipotokea mwanamke kijana, anapanda na tenga tupu kichwani. Alipomfikia akapiga goti kidogo.

"Shikamooni," akasema.

"Marahaba. Mbona shikamooni, mwanangu? Mimi niko peke yangu."

Mwanamke alitazama kiti cha nyuma. Akamtazama Ignas. "Nisamehe, baba," akasema kwa sauti ndogo, akahamia ukingo wa pili wa barabara, akapita mbali, kama anavyopita mtu anayewapisha watu wawili. Ukungu ukamchukua.

Ignas anasema hakuogopa. Aliwasha pikipiki, na alipoikalia aliisikia springi ya nyuma ikibonyea kuliko uzito wake. Aliteremka taratibu hadi mjini.

Hafidhi akisikia habari hiyo hupangusa mikono kwanza. "Ukungu ule, mtani. Ameona boksi la spana akadhani abiria."

"Boksi nililifunga juu ya tanki."

"Haya," Hafidhi anasema, na kurudi kwenye kazi yake.

Kiangazi hiki Ignas anataka kulijengea kaburi la Paskalia kwa saruji, kabla masika hayajalisawazisha. Amezungumza na Pazi, na ukoo umeridhia. Mchanga upo mtoni hukohuko, fundi mwashi amepatikana. Kilichobaki ni kuipandisha saruji mlimani, na lori huchukua mzigo kwa bei linayotaka.

Hafidhi amemwambia asijisumbue na lori. Breki sasa ni nzima, afunge mfuko mmoja mmoja kwenye kiti cha nyuma, apande mara tatu, basi.

Ignas anatikisa kichwa. Anachukua kitambaa, anafuta umande kwenye kiti hicho, polepole, mpaka kikauke.

"Saruji itapanda na lori," anasema. "Nyuma hapa pana mtu."