Mulembe Niliompa Nekesa

Juzi nilikuwa kwa binti yangu, anayekaa mtaa wa Amalemba. Tulikuwa tukichagua sukuma wiki barabarani, na mama aliyekuwa akiuza akaniambia, "Mulembe, kukhu." Kukhu ni nyanya kwa lugha yetu. Nikaitika vizuri, lakini sauti ilitoka imekauka, hata binti yangu akaniuliza kama nimeumwa na kitu. Nikamwambia ni vumbi. Halikuwa vumbi. Wajukuu wangu, na mmoja wao ni daktari, wananijua kama mwanamke asiyeogopa mtu. Wao sijawaambia haya. Nawaambia nyinyi.

Nilizaliwa Shianda. Siku hizo ilikuwa barabara moja, kinu cha kusaga mahindi, maduka manne, na harufu ya miwa iliyochomwa ambayo ilikaa kwenye nguo hata ukifua mara ngapi. Kupita sokoni haraka hakungewezekana. Kila mtu alikupa mulembe, yaani amani, nawe lazima usimame, uitike "mulembe muno," uulizwe ng'ombe, uulizwe watoto, hata kikohozi cha baba yako kiulizwe. Tulinunua chumvi kwa Kiluhya, tukagombana kwa Kiluhya, tukamwomba Mungu kwa Kiluhya. Mama alikuwa akisema salamu ni kama maji ya kunywa, hata adui hanyimwi.

Shule ilikuwa nchi nyingine. Ukishavuka ua, Kiluhya ni kosa. Kulikuwa na mfupa wa ng'ombe uliotobolewa na kutiwa kamba ya katani, na aliyesikika akisema kikwetu aliuvaa mpaka amnase mwenzake. Kengele ya kwenda nyumbani ikikukuta nao shingoni, unachapwa mbele ya wote. Wiki ile nilikuwa nimeshachapwa mara mbili. Mwalimu aliapa kwamba ya tatu nitarudishwa nyumbani, na baba yangu alikuwa akingoja sababu hiyo tu, maana alikuwanga akisema jembe halijui kusoma na bado linalisha watu. Mimi nilitaka shule kama ndama anavyotaka titi.

Ijumaa nikajikwaa mlangoni, nikalia kwa Kiluhya. Mfupa ukarudi kwangu. Mchana kutwa nikawategea wenzangu. Mmoja nilimfinya kwa kucha.

"Mfinye mama yako," akaniambia, kwa Kiswahili safi kama cha redio.

Ndipo nikamwona Nekesa, rafiki yangu. Mama yake alikuwa amezikwa wiki iliyotangulia, na kichwa chake bado kilikuwa kipara cha matanga. Ilikuwa siku yake ya kwanza kurudi, na alikuwa ameketi peke yake kando ya kisima. Nikausukuma mfupa ndani ya nguo, nikamwendea, nikamshika mikono yote miwili kama wakubwa wanavyofanya kwenye kilio.

"Mulembe, Nekesa."

Alinitazama usoni, halafu shingoni. "Mulembe muno," akasema. Kisha akaendelea kwa Kiluhya, polepole, akinieleza kwamba mama yake siku ya mwisho aliuliza kama mimi nimekula. Mama yule alikuwanga akitugawia viazi vitamu, mimi kwanza, mtoto wake baadaye.

Nilimwacha amalize. Maneno mengi, ushahidi mwingi. Halafu nikautoa mfupa. Nekesa hakubisha. Aliinamisha shingo, nikamvisha.

Wakati wa kengele mwalimu akaniuliza, "Alisema nini huyu?"

"Alisema mulembe, mwalimu."

Watoto wachache wakacheka. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu wa kwetu. Alitazama chini kidogo, halafu akamchapa fimbo nne. Nekesa hakulia, wala hakuitazama fimbo. Alinitazama mimi.

Jumatatu hakuja, wala wiki iliyofuata. Watu walisema amebaki kulea wadogo zake, nami nikajificha ndani ya maneno hayo kama panya kwenye gunia. Shule yenyewe niliyoipigania hivyo niliiacha darasa la sita.

Sasa sote ni vikongwe. Nekesa anauza maharagwe Shianda. Mwaka jana niliketi naye kibandani tukichambua, nikamuuliza kitu nilichokaa nacho miaka yote hiyo.

"Nekesa, siku ile ulijua nina mfupa?"

"Niliona kamba shingoni."

"Sasa mbona uliitikia?"

Akatupa haragwe bovu. "Ulinishika mikono, Auma. Ningekunyima?"

Nilipokuwa mtoto nilidhani nimemnasa mjinga. Lakini kwetu mfiwa akikataa mulembe wako, amekwambia wewe ni adui, na Nekesa alikuwa amempoteza mama. Hakutaka kunipoteza na mimi. Aliuona mtego akaingia kwa macho yake mawili, ili tubaki marafiki. Mimi nikaenda nyumbani siku hiyo nikidhani nimeshinda.

Nilitaka kuomba msamaha pale pale. Mdomo huu wangu, unaojulikana soko zima, haukupata neno, kwa Kiluhya wala kwa hicho Kiswahili nilichochapiwa. Nikavuta ungo karibu, nikaendelea kumchambulia maharagwe yake mpaka yakaisha.