Sahihi ya Bi Mitsue

Kichochoro alichokaa Mitsue na mumewe Genzo, kaskazini mwa Tokyo, kilipinda mara saba kabla ya kutokea barabara kuu. Zamani palikuwa mashamba ya mpunga. Watu walipita juu ya matuta, na mji ulipokuja nyumba zikajipanga kufuata matuta yale yale. Baada ya vita, wakubwa walichora kwenye ramani barabara pana iliyonyooka, ikapita katikati ya karakana ya Genzo ya kushona tatami, ile mikeka minene ya sakafuni. Mitsue aliolewa, akazaa, akaota mvi, barabara bado iko kwenye karatasi.

Lakini karatasi ile ilikuwa na nguvu. Palikatazwa kujenga ghorofa ya tatu. Mtoto wao alipooa hakukuwa na pa kumweka, akahamia mji wa mbali wa Chiba.

Serikali ya mji ilipoamua hatimaye kujenga, Genzo ndiye aliyeongoza majirani kukataa. Nyumba thelathini na moja zilitundika vitambaa vyeupe: HATUHAMI.

Asubuhi moja ya Februari Genzo alianguka karakanani, sindano mkononi. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, likakwama kona ya kwanza. Wahudumu wakaja mbio na machela. Kurudi, kwenye kona ya nne machela haikupinda. Ikabidi waiinue juu ya ukuta wa jirani, majirani wakisaidia, Mitsue akimshika mumewe kichwa. Genzo alikata roho kabla ya kufika hospitali. Daktari hakusema neno juu ya kichochoro, na Mitsue hakuuliza.

Siku arobaini na tisa za matanga, kama ilivyo desturi yao, zilipopita, Mitsue alikwenda ofisi ya mji akatia sahihi ya kukubali kuhama, wa kwanza katika mtaa. Jioni hiyo Hatsuko, jirani yake muuza tofu, ile jibini ya soya, akaingia bila hodi.

“Umetia sahihi kweli?”

“Nimetia.”

“Majivu ya mumeo hayajapoa, Mitsue!”

“Wewe ndiye uliyeshika machela upande wa miguu, dada. Uliona.”

“Niliona. Na duka langu je? Tofu nikauzie juu ya lami?”

“Sijui.”

“Hujui! Basi usinisalimie tena.”

Kwa miaka sita hawakusalimiana. Mmoja mmoja majirani nao wakatia sahihi. Hatsuko akawa wa mwisho.

Barabara ilipofunguliwa, Mitsue alikuwa amepanga chumba upande wa mashariki, Hatsuko upande wa magharibi. Siku moja Mitsue alivuka na fimbo yake, taa ikabadilika kabla hajamaliza. Akasimama kwenye kijukwaa cha katikati, magari yakipita mbele na nyuma. Kando yake alisimama bibi mwingine, naye ameshindwa kumaliza. Alikuwa Hatsuko.



“Genzo angetukana,” Hatsuko akasema.

“Angetukana sana.”

“Nilitaka kukuchukia mpaka nife. Nimechoka.”

 Gari la wagonjwa likapita likilia, limenyooka moja kwa moja, likapotea kusini. Wote wawili walilisindikiza kwa macho. Taa ikawaka kijani. Hakuna aliyeinua mguu.