Likizo ya Kutazama Njia

Mama yangu alikuwa na mbuzi jike mweupe, pembe moja imekatika, na mbuzi yule alikuwa anakula nguo. Si kwa njaa. Masika yale nyasi zilikuwa zinafika kiunoni, lakini yeye akiona kitu kimeanikwa anaacha majani yote anakwenda kukionja. Siku moja akapita nyumbani kwa mwalimu wetu akala kola ya shati. Kola tu. Shati lenyewe aliliacha linaning'inia kwenye kamba kama mtu aliyekatwa kichwa. Na mwalimu alikuwa nalo hilo hilo la kuvalia siku ya mkaguzi.

Baba akanishika mkono, shati mkono wa pili, tukaenda mpaka mtaa wa Cheyo, hapa Tabora, kwa fundi cherehani mmoja mzee.  Fundi alikata kipande pale nyuma chini, panapochomekwa kwenye suruali ambapo hakuna anayepaona, akashona kola mpya, kisha akaziba pengo kwa kitambaa cha mfuko wa unga. Mwalimu akavaa, mkaguzi akaja, akaondoka, hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa yule mzee mdomo wazi. Kumbe shati linatembea na kola nyingine matakoni! Nilikuwa darasa la pili, na hakuna jambo waliloniambia shuleni lililonishangaza kiasi kile. Kesho yake nikaenda kwa fundi badala ya shule. Kesho kutwa vilevile. Elimu yangu ikaishia hapo, na wa kulaumiwa ni mbuzi.

Nimeanza mbali, najua. Nataka tu mjue kwamba mimi ni mtu wa kukaa. Cherehani ni kazi ya kukaa. Uhuru ulinikuta nimekaa, nashona bendera ndogo ndogo za watoto kupungia. Ujamaa ukanikuta hapo hapo, nashona sare za mgambo. Wenzangu walihamia vijijini, wengine wakahamishwa, wakalima, wakaimba, wakajenga. Mimi mguu wangu ulikuwa unakanyaga ubao wa cherehani siku nzima na haujafika popote. Nikiupiga hesabu mwendo ule wa mguu, ningekuwa nimeshafika Misri.

Baraza niliyokalia ilikuwa ya Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa. Alizaliwa Tabora hii hii, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Mimi nilimwita tajiri, kama tulivyozoea, ingawa miaka ile neno hilo lilikuwa limeanza kunuka. Yeye aliniita fundi.

Basi siku moja akaja karani wa reli na suruali yake. "Fundi, fanya haraka. Nakwenda likizo ndefu."

"Likizo ndefu ndiyo ikoje?"

"Unaacha kazi, unakwenda utakako. Ukirudi kiti chako kipo."

"Na kazi nani anafanya?"

"Hiyo si shida yangu, fundi. Ndiyo maana ikaitwa likizo."

Neno likizo nilikuwa nalijua, utamu wake ndio sikuujua. Jioni ile karani alipovaa suruali yake mguu mmoja ulikataa kutokea chini. Nilikuwa nimeushona ukafunga kama mfuko.

Hapa lazima nimlete babu yangu, mzaa baba. Huyu alikuwa mpagazi wa misafara, zile zama za pembe za ndovu. Begani alikuwa na sugu kubwa, ngumu kama kisigino, na sisi wajukuu tulikuwa tunagombea kuigusa. Alikwenda pwani na kurudi, akaenda tena akarudi. Mimi nikamwuliza: babu, njiani kukoje? Akafikiri. Akasema, "Mwanangu, nikuambie ukweli, mimi nilikuwa naona kisigino cha aliyenitangulia." Basi. Ugogo yote, milima yote, mito yote, kisigino. Ukiwa na mzigo shingo haigeuki.

Sasa mimi nikajiambia, tuko huru. Mjukuu wa mpagazi nitaipita njia ile ile, Tabora mpaka pwani, kwa miguu, kiangazi kizima, na sitabeba kitu. Mikono mitupu. Shingo inageuka kulia, inageuka kushoto, inatazama kila alichokosa babu. Ndiyo likizo niliyoitaka. Nilikuwa sijawahi kutaka kitu namna ile, hata mke wangu nilipomposa nilikuwa na utulivu zaidi.

Pwani, niwaambie mapema msije mkasubiri bure, sijaiona mpaka leo.

Mipango ilichukua muda mrefu kuliko ambao ingechukua safari. Nilijishonea koti la safari lenye mifuko mingi, nikajisifu, halafu nikagundua kwamba mfuko unaita mzigo. Nikaifumua mifuko yote. Koti likabaki na alama za mifuko kama makovu. Mvua zikaja, nikangoja. Idi ikaja, watu wanataka kanzu, nikangoja. Wakulima wakauza tumbaku, kila mtu anataka suruali, nikangoja. Huku nyuma nimeshaaga mji mzima. Nikipita sokoni watu wananiuliza, "Fundi, umerudi lini?" Nami najibu, "Bado sijaondoka." Wanacheka mpaka wanashika meza.

Mke wangu naye. "Hiyo safari unakwenda kufanya nini?"

"Kutazama."

"Kutazama nini, baba watoto?"

"Njia."

"Njia! Ya kwenda chooni hapo nyuma umeshaitazama? Paa la choo liko wazi tangu masika ya juzi, watu wanajisaidia na mwavuli. Anza na hiyo."

Tajiri yeye hakucheka. Alisema, "Kiti nitakuwekea, fundi. Lakini akikikalia mtu anayejua kushona mguu wa suruali wazi pande zote mbili, mimi nitafanyaje?"

Likabaki jambo la balozi wetu wa nyumba kumi. Siku zile huwezi kuacha kazi ukaondoka tu. Mtu asiye na kazi aliitwa mzururaji, na mzururaji alikuwa anakamatwa anapelekwa kulima. Nikaitishiwa kikao uani kwa balozi. Yeye akasimama, akakohoa. "Ndugu wajumbe, ndugu yetu fundi anaomba ruhusa ya kuzurura kwa mpango."

Wakaangua kicheko. Mzee mmoja akauliza, "Amefiwa?" Hapana. "Anakwenda kutibiwa?" Hapana. "Ana shamba huko?" Hana. "Si apande gari moshi?" Nikasimama kueleza habari za babu na kisigino. Nilipokaa hata mimi nilikuwa sijielewi. Nikaona likizo yangu inakufa pale pale kwenye mkeka.

Akanyanyuka mama mmoja, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. "Fundi, Goweko utapita?"

"Nitapita."

"Basi nipelekee blanketi kwa mama yangu. Baridi ya kipupwe inamtesa."

Nikakubali, nifanyeje? Na hapo kikao kikageuka. Kumbe ana kazi! Balozi mwenyewe uso ukamkunjuka. Mwingine akakumbuka jembe la shemeji yake. Mwingine ana binti ameolewa Manyoni, akalalamika kwamba mawe ya huko hayasagi vizuri, basi anipe jiwe la kusagia. Jiwe, jamani! Nikasema ndiyo. Kila mzigo nilioukubali ulikuwa kura moja upande wangu, nikawa nakubali kama mgombea. Jogoo, ndiyo. Madumu ya asali, ndiyo. Ruhusa ikapita kwa vifijo. (Jiwe lile liko Goweko hadi sasa, kwa yule bibi wa blanketi. Anasema linasaga vizuri sana.)

Niliporudi barazani tajiri naye ananingoja na bati la achari la kumpelekea dada yake aliyeko Dodoma. "Usililaze, fundi. Likilala linavuja. Likivuja, usirudi."

Siku ya kufunga mzigo nilikaa chini nikautazama. Babu yangu wala hakuwahi kubeba kitu kama kile. Pembe ya ndovu haiwiki.

Mwenye akili angesema hapana, arudishe kila kitu kwa wenyewe. Mimi nikaenda sokoni kutafuta mchukuzi. Nilimpata mtu wa rika langu, mwenyeji wa kule Usinge, mkimya, anabeba magunia. Tukapatana kwamba nitamlisha njiani na nitamshonea suruali mbili za kaki. Akaniuliza swali moja tu.

"Na wewe fundi, utabeba nini?"

"Mimi nitatazama njia."

"Haya," akasema.

Habari zikamfikia balozi kabla sijafika nyumbani. Nikamkuta mlangoni kwangu. "Ndugu fundi, nimesikia utatembea mikono mitupu, mwenzako abebe."

"Ndivyo, ndugu balozi."

"Hicho si ndicho tulichomfukuzia mkoloni?"

 Mke wangu akajibu kutoka ndani, "Mwacheni bwana mkubwa, akapigwe na jua la kizungu!" Mwisho balozi, ambaye naye alikuwa na barua na kikapu cha karanga katika mzigo ule, akapata njia. Yule mtu asiitwe mpagazi. Aitwe msafiri mwenza. Tukakubaliana hivyo, na msafiri mwenza akaitwa kuja kujulishwa cheo chake. Akasema, "Haya."

Tukaondoka asubuhi. Msafiri mwenza alikuwa amefunga mizigo yote kwenye mzega, ule mti wa begani, huku jiwe, huku bati la achari limesimama wima na jogoo juu yake. Mimi mbele na fimbo. Watu walitusindikiza mpaka nje ya mji, wanapiga vigelegele, na kuna mwanamke aliyepaza sauti, "Bwana anakwenda kutembelea makoloni yake!" Nikapunga mkono. Sikuwa na aibu siku ile, nilikuwa na furaha kama mbwa.

Na kweli nilitazama. Miombo imeanza kutoa majani mekundu, mizinga ya nyuki inaning'inia juu, reli inaonekana huku inapotea kule. Kila nilichokiona nilikitangaza. "Ndugu, tazama ule mti! Ndugu, umeona ndege yule?" Nyuma yangu mzega tu unalia nyi, nyi, nyi. Nikasema labda haoni vizuri, nikaongeza sauti. "Ndugu, unaona nini huko?"

"Kisigino chako kimepasuka, fundi. Upake mafuta."

Mtu mwingine angesimama pale pale. Mimi nilicheka. Nikaona ni maneno mazuri, nitawasimulia watu nikirudi, nikaendelea na kiguu changu na njia. Mchana nilimhadithia habari za babu, kirefu, na sugu yake nikamwonyesha ilipokuwa. Alisikiliza mzega ukiwa begani, maana nilisahau kumwambia atue. Jioni tulilala kijijini kwa watu wema, wakatupa ugali na mlenda, na mimi nikaongea mpaka mwenye nyumba akasinzia ameketi.

Siku ya pili nilichoka. Mtu wa kukaa ni mtu wa kukaa. Magoti yakawa yanalia kuliko mzega, na ile shingo niliyoileta igeuke ikawa inatazama chini tu, natafuta pa kukanyaga. Karibu na Goweko tukafika kwenye kijito chenye maji. Nikajitupa kivulini, nikavua viatu vyangu vya wazi, nikajipepea kwa kofia. Yeye akauegemeza mzega kwenye panda ya mti, taratibu, akahakikisha bati limesimama. Akamfungua jogoo mguu mmoja apumzike. Akanawa uso, akanywa, akajinyoosha mgongo mpaka nikasikia mifupa.

Halafu akageuza shingo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama juu kwenye mizinga ya watu.

"Pwani bado mbali?" akaniuliza.

"Mbali sana, ndugu. Hata hatujaanza."

"Na njia ni hii hii?"

"Hii hii. Ukiiacha unaifuata reli, itakurudisha njiani."

"Haya."

Akavuka kijito. Nikajua anakwenda kichakani, mtu ana haja zake, nikafumba macho kidogo. Nilipoyafumbua alikuwa amekwishapita vichaka vyote, yuko kule njiani, kwenye jua, anakwenda mashariki kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, mikono inacheza. Hakuchukua kitu. Hata karanga hakuchukua. Suruali moja ya kaki ilikuwa mwilini mwake, na ya pili nilikuwa bado sijamshonea.

"Ndugu!" nikaita. "Wewe ndugu! Msafiri mwenza!"

Akainua mkono juu bila kugeuka, kama mtu anayejibu salamu ya shambani. Kisha akasimama kidogo, nikapata matumaini, nikaanza kutafuta viatu vyangu. Kumbe alikuwa anatazama kitu mtini. Alipomaliza kukitazama akaendelea, na mpaka jua linazama nilikuwa nimekaa pale na mizigo ya watu, namngoja, na hakurudi.