Vidole vya Mhakiki wa Muziki

Mhakiki wa muziki pale gazetini hana mdomo wa kusifu; hata wimbo mtamu huukunjia uso kama aliyelambishwa shubiri. Ndiyo maana mhariri wake aliingiwa na shaka aliposoma alivyoimwagia sifa albamu ya kwanza ya mabinti wawili, yenye vinanda vya umeme vya enzi za kaseti. “Aliyepiga kinanda si mtu wa mchezo,” aliandika. Jalada lilitaja kila mtu isipokuwa huyo. Mhariri akaicheza albamu ofisini, jicho kwenye vidole vya mhakiki vilivyokuwa vikitambaa mezani.

“Umeisikiliza mara ngapi, kaka?”

“Mara moja tu, dada.”

Wimbo wa nne, mhakiki akafumba macho, akajiuma mdomo. Ndipo kinanda kikakosea.