Vitanda Viwili vya Seremala

Dada yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Saratani ya mlango wa kizazi ilipompata, alipigwa mionzi mpaka ikaisha. Madaktari wakampongeza. Kila akirudi kliniki walimpima damu, wakampima uzito, wakamuuliza anakula nini. Habari za chumbani hakuna aliyegusia. Na dada na mumewe, watu wazima na haya zao, wangeanzia wapi?

Mara ya kwanza walipojaribu tena kuwa mke na mume, dada alilia kwa maumivu. Shemeji alikuwa seremala. Wiki ileile alikipeleka kitanda chao karakana, akakirudisha kikiwa vitanda viwili vyembamba, vimepigwa msasa vizuri.

"Upate kupumzika," akamwambia mkewe.

Dada akajua amemkinai. Akajikaza kwa utani, ndizo zake. Alipoona matundu ubavuni mwa kitanda chake, akamchokoza: "Fundi mzima, ndiyo umetoboa ovyo hivi?"

"Yatakuja kufaa."

Taa ikizimwa, mmoja huuliza, "Umelala?" Mwingine hujibu, "Bado." Basi. Waliishi hivyo miaka, mpaka moyo ukamwondoa shemeji.

Mwezi uliopita nilimsindikiza dada kliniki. Nesi mgeni akafunga mlango, akavuta kiti. "Na tendo la ndoa, mama, linakwendaje?"

Dada alinitazama kwanza. Kisha akasema lilimuuma, na mumewe akaacha kumgusa.

"Mionzi hukausha njia na kuibana. Kuna dawa, na kuna mazoezi. Wanaume wengi huogopa wataamsha ugonjwa, lakini hauamki kwa hilo. Njoo na baba tuongee."

"Nimeshamzika."

Nesi akampa pole. Mimi nilitamani kuwakunja mashati madaktari wote wa mwanzo. Neno moja tu, lingewapunguzia nini?

Tulipofika nyumbani, dada alikwenda moja kwa moja chumbani. Akapitisha kidole kwenye matundu yake, akageukia kitanda cha marehemu. Nacho kilikuwa nayo, kimo kilekile, yakitazamana na ya kwake. Ndani ya sanduku la zana tukakuta bolti za kuunganishia vitanda hivyo, zimefungwa kitambaani, zimepakwa mafuta zisishike kutu.

"Alikuwa anasubiri aambiwe," dada akasema. Akakaa sakafuni, katikati ya vile vitanda, akalia kuliko siku ya mazishi.